Kitabu Kilichoanzia Ukurasa wa Tisa

Wiki iliyopita mwanangu alipika gundi jikoni kwangu. Alikoroga unga wa muhogo kwenye kopo la maziwa, akasahau kugeuza, ukaungua chini, nyumba nzima ikanuka. Shule zilikuwa zinafunguliwa na mwalimu wao anataka kila daftari livae kava. Mimi nilikuwa nachagua mchele, nikauacha. Ile harufu ya uji wa muhogo ulioshika moto, ikichanganyika na gazeti kuukuu, jamani, ilinibeba mzima mzima ikanirudisha Bariadi, kwenye banda la baba yangu la kutengenezea baiskeli, enzi zile ambapo Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa na sisi tulihesabiwa Shinyanga. Nikamwambia mwanangu, njoo ukae hapa nikusimulie kisa cha kava. Hakukaa. Basi nawasimulia ninyi.

Baba yangu, Fundi Masalu, alikuwa na banda la mabati kwenye njia ya kwenda mnadani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Angeweza kuziba pancha sita bila kusema neno zaidi ya "leta pampu." Kitu kimoja tu kilimfungua mdomo, nacho kilikuwa Mzee Zefania Lugome. Huyu alikuwa mchambuzi wa siasa. Kila Jumamosi saa nne asubuhi alizungumza redioni, na mara moja kwa wiki aliandika gazetini, juu ya maandishi yake pamewekwa picha ndogo: kipara, miwani mikubwa, na midomo iliyobanwa kama ya fundi aliyeshikilia misumari mdomoni.

Sijui niwaelezeje jinsi watu walivyompenda. Mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, hajawahi kukanyaga Bariadi, lakini pale bandani walimtaja kama mtu wa mtaa wa pili. Alikuwa na namna yake. Hakuanza hata siku moja na jambo kubwa. Angeanza na bomba linalovuja mtaani kwake, akalieleza lile bomba mpaka tukacheka, na kabla hatujamaliza kucheka alikuwa ameshafika kwa waziri, na waziri hana pa kutokea. Halafu angetulia kidogo, tungesikia anavuta pumzi, na kusema, "Tusidanganyane, jamani." Hapo Sitta, kijana wa mkokoteni aliyekuwa anashinda kwetu akisubiri mizigo, alikuwa anapiga goti lake na kupiga kelele, "Mwambie, mzee! Mwambie!" Utadhani yule mzee anamsikia.

Kazi zangu zilikuwa mbili. Jumamosi asubuhi nilianika betri za redio juani, juu ya kipande cha bati, ziamke. Na siku basi la Mwanza lilipoleta gazeti, ambalo kwetu lilifika likiwa la jana, nililisoma kwa sauti. Baba alijua kusoma, tena vizuri, lakini alikuwa anasema mikono yenye grisi haistahili kushika maneno ya mtu mwenye akili. Kwa hiyo mtoto wa kike wa darasa la sita ndiye aliyekuwa kinywa cha Mzee Lugome pale bandani. Msinione hivi, nilijisikia sana.

Gazeti likishasomwa lilikwenda chini ya godoro la Baba, likakaa mwezi. Baada ya hapo tuliruhusiwa kulifanyia kava. Na kwa kuwa halikuingia gazeti jingine nyumbani kwetu, na Baba alikunja kava kwa namna ambayo picha ibaki mbele, madaftari yangu yote yalivaa uso wa Mzee Lugome. Hesabu, Sayansi, Maarifa ya Jamii, kote kipara na miwani. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza kama yule ni babu yangu. Nilisema ndiyo.

Sasa, upande mwingine wa Baba. Alichukia vitabu vya hadithi. Aliona ni uvivu uliochapishwa. "Mtu mzima na akili zake," alikuwa anasema, "anakaa chini anatunga watu ambao hawapo, wanafanya mambo ambayo hayakutokea, halafu anataka nimsikilize?" Dada yangu Kabula aliwahi kukamatwa na riwaya ya mapenzi. Hakuchapwa. Baba alikichukua tu kile kitabu akakitundika kwenye msumari bandani, akawa anachana ukurasa mmoja mmoja kufutia grisi. Kwa wiki mbili minyororo ya baiskeli za Bariadi ilifutwa kwa machozi ya binti aliyeachwa stesheni, na Kabula anapita pale anaona.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Nyashimo kwa shangazi yangu, aliyekuwa anauza dagaa kando ya barabara ya Musoma. Shangazi alinunua makaratasi ya zamani kwa kilo, akafungia wateja dagaa wao. Ndani ya rundo hilo nikakuta kitabu. Hakikuwa na gamba mbele wala nyuma. Kurasa nane za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda na dagaa majumbani kwa watu, na za mwisho vilevile. Nikasoma ukurasa wa tisa nimesimama. Mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka, mimi nimesimama. Shangazi akasema, "Minza, mayu, mama yangu, kama hicho kikaratasi kimekuroga, kichukue, niachie nafasi." Nikakichukua.

Kilikuwa kinamhusu mjane mmoja, Nyamizi, aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu mwenye baka jeupe usoni. Viongozi wakamchukua yule ng'ombe kuwa mchango wa kujenga ofisi. Mama akafunga kanga yake kiunoni akamfuata ng'ombe wake. Alifika kwa mtendaji wa kijiji, akaambiwa ng'ombe ameshapelekwa tarafani. Alifika tarafani, ng'ombe yuko wilayani. Kila ofisi alipewa barua ya kupeleka ofisi nyingine, na kila barua ilikuwa nzito kuliko ya kwanza. Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kukutana na kitu cha namna hiyo. Nilikuwa nafikiri maneno ni ya kujibia mtihani na ya kuombea chumvi kwa jirani. Kumbe mtu anaweza kuyapanga, ukasikia vumbi la njia aliyopita mama ambaye hayupo!

Nilirudi Bariadi nacho kimefungwa ndani ya kanga, kinanuka dagaa. Siku hiyohiyo nikapika gundi nikakivalisha gazeti, uso wa Mzee Lugome mbele, kama madaftari yangu mengine. Baba akiona aone daftari. Niliona nimemaliza kazi.

Nilichosahau ni kwamba daftari la Hesabu halimlizi mtu. Wapo wanaolia, najua, lakini si kwa namna ile. Siku ya mnada nilikuwa nimekaa nyuma ya banda, Nyamizi amelala njaa kwenye baraza ya ofisi ya wilaya, na mimi machozi yananitiririka, kamasi juu. Nikainua kichwa, nikamkuta Baba amesimama na spana mkononi. Nyuma yake yupo Sitta, na yupo Mzee Ng'wandu, mfugaji kutoka upande wa Nkololo, aliyekuwa anakuja kila mnada na kupumzika kwetu. Mzee huyu hakujua hata herufi moja.

"Nini hicho?" Baba akauliza.

"Kitabu."

"Cha nani?"

Nikaona msumari bandani. Nikaona Nyamizi anafuta minyororo. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kile kipara, na mdomo ukasema wenyewe, "Cha Mzee Lugome, Baba."

Sitta akaruka. "Ee! Kumbe mzee kaandika na kitabu! Fundi, unatuficha?" Baba aliniangalia mimi, akaangalia kava, akaniangalia tena, muda mrefu mpaka nikasikia haja ndogo. Halafu akageuza kigoda, akakaa, akasema, "Soma."

Nikaanzia ukurasa wa tisa. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba nimemdanganya baba yangu mbele ya watu, na juu ya mtu anayemheshimu kuliko wote. Kama ningemdanganya juu ya kitu kingine, fimbo mbili zingemaliza. Hili la Mzee Lugome lilikuwa jingine kabisa. Lingejulikana, nisingesoma tena gazeti pale bandani, na hilo niliona ni sawa na kuondolewa jina.

Lakini watu walisikiliza. Mzee Ng'wandu alinisimamisha mara tatu, zote kwa habari ya ng'ombe: alikuwa na pembe za namna gani, alikamuliwa siku gani mara ya mwisho, na nani alimnywesha njiani. Ya pembe ilikuwemo. Ya kukamuliwa haikuwemo, akasikitika sana. Jua lilipopinda akasimama na fimbo yake akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu. Kesho usianze sijafika." Mzee yule alikuwa anakaa mbali, na mnada ulikuwa umekwisha. Kesho yake asubuhi alikuwa amekaa mlangoni kabla Baba hajafungua, ananisalimu, "Mwangaluka! Mama yetu ameamka?"

Siku ya pili akafumba macho katikati ya kusoma. Nikadhani amesinzia. Akasema taratibu, "Ndiye huyu. Ndiye mwenyewe." Nilimhurumia. Moyoni nilicheka kicheko cha mtoto aliyesoma. Niliwaona wazee wa watu wamedanganywa na karatasi ya gazeti na gundi ya muhogo.

Siku ya tatu tulifika mahali ambapo katibu wa wilaya anatafuta ufunguo wa kabati. Anautafuta kurasa nzima tatu, mezani, mfukoni, chini ya busati, na Nyamizi amesimama. Mwisho tunagundua kabati lenyewe halina kitu ndani. Baba alikuwa anazungusha gurudumu kutazama kama limenyooka. Akalizuia kwa kiganja. "Rudia hapo kwenye ufunguo," akasema. Nikarudia. Akaliachia gurudumu likazunguka peke yake, yeye anatazama barabarani.

Tulimaliza siku ya sita, au niseme kitabu ndicho kilichotuishia. Nyamizi amefika ofisi ya mkoa. Amesimama mbele ya mlango wa kijani. Nyuma ya jengo anasikia ng'ombe analia, na mama anamjua ng'ombe wake kwa sauti. "Mlango ukafunguliwa, na" — basi. Ukurasa umekwisha. Kilichofuata kilikuwa tumboni mwa wala dagaa wa Nyashimo.

Mngeona banda lile! Sitta alinishutumu kwamba nimeruka. Mzee Ng'wandu alitaka niangalie upande wa pili wa karatasi. Ndipo Sitta akapata wazo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Mwenyewe si yupo redioni? Tumwandikie tumuulize!"

Na nani aandike barua? Mimi hapa. Nilikaa kwenye kigoda na kuandika kwa mkono wangu, wakinitajia watatu kwa pamoja, kumuuliza mtu mkubwa wa nchi hii mwisho wa kitabu ambacho hakukiandika. Nilijua atakachosema. Atasema redioni, nchi nzima ikisikia, kwamba huko Bariadi kuna watu hawana akili. Nilitaka niandike anwani ya uongo, lakini Baba alikuwa ananichungulia begani. Akaniambia nitie na jina langu, kwa kuwa mwandishi wa barua hujitaja. Akaifunga bahasha kwa gundi yangu mwenyewe, akamkabidhi kondakta wa basi aitie posta Mwanza.

Kuanzia hapo Jumamosi zikawa adhabu. Jumamosi ya kwanza hakusema kitu. Ya pili hakusema kitu. Ya tatu nikafanya hila: nilizianika betri kivulini, nyuma ya pipa, zikafa kabisa. Redio ikakohoa ikanyamaza katikati ya kipindi. Nikafurahi wiki nzima. Jumamosi ya nne Baba akatoa betri mpya mfukoni, bado zina karatasi yake, na hajawahi kununua betri mara mbili kwa mwaka mmoja tangu nimfahamu. Alizitia mwenyewe. Sauti ya Mzee Lugome ikatoka safi, amekaa kama yuko pale juu ya tairi.

Alizungumza habari zake mpaka karibu na mwisho. Halafu akatulia, tukasikia anavuta pumzi. Akasema, "Nina barua hapa kutoka Bariadi. Mwandiko ni wa mtoto. Anaitwa Minza."

Pampu ilimponyoka Sitta. Mimi nilishika nguzo ya banda.

"Minza na wazee wake wananiuliza kama Nyamizi alimpata ng'ombe wake," akasema ile sauti. "Jamani. Kitabu hicho nilikiandika nikiwa kijana, nina nywele. Kilichapishwa kidogo, kikasahaulika, na mimi nikajizoeza kukisahau. Sijawahi kuulizwa na mtu yeyote habari za mama yule. Leo naulizwa na wenye ng'ombe."

Nilitazama kitabu mapajani mwangu, ule uso wa gazeti niliougandisha kwa hila, na ulikuwa uso wa mwenye kitabu. Ni yeye! Kile kinywa kilichowakimbiza mawaziri kila Jumamosi ndicho kilichomtembeza Nyamizi kwenye vumbi. Mtu mmoja, jamani, na vyote viwili vilikuwa ndani yake. Nilisikia hofu, lakini haikuwa ile ya fimbo. Ilikuwa ya mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta nyumba nzima ndani.

Akatuambia mwisho. Mlango ulifunguliwa, na nyuma ya ofisi Nyamizi alimkuta ng'ombe wake amezaa. Wakubwa wakasema mama amchukue ng'ombe wake aende, barua zake zimekamilika, ila ndama abaki, kwa sababu ndama hakutajwa kwenye barua yoyote.

"Weee!" Mzee Ng'wandu alisimama wima, fimbo juu. "Ndama ni wa nani zaidi ya mwenye ng'ombe? Nani kawafundisha hao?" Baba akainua mkono anyamaze.

"Nyamizi hakubishana," redio ikaendelea. "Alikaa chini mlangoni. Kitabu kinaishia hapo, amekaa. Baada yake sikuandika hadithi nyingine, watu wakadhani nimeacha. Tusidanganyane, jamani. Sikuacha. Kila Jumamosi nikikaa hapa, ninaongea na yule aliyefungua mlango, kwa sababu yule mama hajainuka bado. Asante, Minza."

Wimbo wa kipindi ukapigwa. Mzee Ng'wandu alikuwa anafuta macho kwa ncha ya shuka lake na wala haoni aibu. Baba aliinuka, akaenda kwenye karai, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha mchanga, kisha sabuni, akarudia sabuni. Alijikausha. Halafu akaja akakichukua kile kitabu mapajani mwangu kwa mikono miwili, akakifungua, akasoma mwenyewe kimyakimya, midomo ikicheza. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameshika hadithi bila kuichana. Wateja wawili walikuja wakasubiri.

Uongo wangu sikuungama. Ulishageuka kuwa kweli, na nilidhani umepona hivyohivyo. Nilikua nao. Nilisema moyoni, ilikuwa bahati tu, Minza, bahati ya ajabu, ulitupa jiwe gizani likampata mwenyewe. Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyojieleza.

Mwaka huu nilikwenda Bariadi kumwona Baba. Banda amempa mjukuu, na siku hizi pikipiki ni nyingi kuliko baiskeli. Tulikuwa tunakula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na nikaona nimeshakuwa mtu mzima wa kutosha. Nikamwambia, "Baba, kile kitabu. Siku ile ya kwanza nilikudanganya."

"Najua," akasema, anatafuna. "Gazeti lile nililinunua mimi. Lilikuwa la mwezi uliopita, na kitabu kilikuwa kizee kuliko wewe."

"Sasa mbona uliniambia nisome?"

"Ulikuwa unalia. Nilitaka kujua ni kitu gani."

Nikamwuliza kuhusu barua. Je, kama mzee angekana redioni, si tungeaibika wote? Baba alichukua kipande kingine cha mchembe, akakiangalia.

"Siku ya kwanza nilijua umenidanganya," akasema. "Siku ya tatu, pale kwenye ufunguo, nikajua hukunidanganya. Wewe ndiye ulikuwa hujui."

Nilibaki na mchembe mkononi. Ndugu zangu, nilikuwa nimewahurumia watu wale! Mzee asiyejua herufi alifumba macho akamtambua mwandishi kwa mwendo wa maneno yake, kama anavyomtambua ng'ombe wake kwa mlio. Fundi wa pancha akamtambua kwa ufunguo mmoja, ndugu wa lile bomba linalovuja la redioni. Mimi peke yangu, msomaji, niliyekuwa nayapitisha maneno ya mtu yule mdomoni mwangu kila wiki, ya gazetini na ya kitabuni, sikusikia kwamba ni sauti moja. Nilikuwa natazama kava.

Baba akaingia ndani, akarudi nacho. Kingali kimevaa gazeti, limekuwa la rangi ya chai, na kipara hakionekani vizuri. Nimekitafuta kingine kizima kila nilikokwenda, sijakipata. Bado kinaanzia ukurasa wa tisa. Baba alikuwa ameshanawa mikono kabla ya kukishika, akaniwekea mapajani, akageuza kiti chake.

"Soma," akasema.